Boti Moja, Wenyewe Wengi: Namna ya Kumiliki Boti ya Klabu ya Kupiga Mbizi na Kujua Nani Atawajibika

Watu wanane wakichangishana kununua boti ya kupigia mbizi, mjadala wa kwanza huwa ni nani atatoa kiasi gani. Kuna swali linalopaswa kutangulia hilo: siku rafadha (panga la injini linalosukuma boti) itakapomkata mtu mguu, au siku boti itakaporudi pwani ikiwa imepungua mtu mmoja, jina la nani litaandikwa kwenye hati ya madai? Jibu halitatoka kwenye urafiki wenu. Litatoka kwenye karatasi tatu: hati ya usajili wa boti, mkataba wa wenye hisa (au katiba ya klabu), na hati ya bima. Ziwekeni zote tatu mezani kwa pamoja. Zikitaja wamiliki tofauti, na mara nyingi hutaja, kampuni ya bima tayari ina sababu ya kusita kulipa.

Sheria za vyombo vya majini hutofautiana nchi na nchi. Yaliyomo humu yatawasaidia kufika kwa wakili mkiwa mmeshakubaliana mambo ya msingi, ili yeye aangalie sheria ya kwenu badala ya kuwasuluhisha.

Boti ni ya nani kisheria

Njia iliyo rahisi ndiyo mbaya kuliko zote: mmoja wenu anaandikishwa kama mmiliki, wengine wanamchangia. Akishtakiwa, ni yeye peke yake. Akiwa na deni lake binafsi, mdai wake anaweza kuikamata boti nzima. Akifariki, boti inaingia kwenye mirathi, na ninyi mnabaki na stakabadhi za kuwaeleza warithi wasiowajua. Kama mmeshaanza hivi, badilisheni usajili kabla ya safari nyingine. Msisubiri msimu uishe.

Njia ya pili ni umiliki wa pamoja, majina yote yakiwa kwenye hati. Katika nchi zinazofuata sheria ya bahari ya Uingereza, chombo kilichosajiliwa hugawanywa katika hisa 64. Watu wanane hupata hisa nane nane bila shida. Kumi na wawili hawagawanyiki sawasawa, hivyo wanne watachukua sita sita na wanane watano tano, na mkataba wenu useme wazi kama kura inafuata idadi ya hisa au idadi ya vichwa. Ubaya wa njia hii ni kwamba kila mmiliki anaweza kufikiwa na mdai. Tena mkianza kukodisha boti na kugawana faida, sheria za nchi nyingi zitawaona kuwa ninyi ni wabia wa biashara, na kwenye ubia mdai ana haki ya kumfuata mmoja tu kwa deni zima. Atamfuata yule kati yenu aliye na nyumba yake.

Njia ya tatu ni kuandika "mali ya klabu". Hapa ndipo klabu nyingi hujidanganya. Kuwa na katiba, mweka hazina na akaunti ya benki hakuifanyi klabu kuwa mtu kisheria. Kama haijasajiliwa kuwa taasisi yenye nafsi yake kisheria, haiwezi kumiliki boti wala kushtakiwa kwa jina lake. Wanaomiliki ni wadhamini waliotia sahihi, na wanaoshtakiwa ni wajumbe wa kamati, kila mmoja kwa jina lake. Mjumbe aliyekubali cheo kwa kuwa hakuna mwingine aliyeinua mkono anapaswa kulijua hili kabla ya kuchaguliwa.

Njia ya nne ni kusajili kampuni, ushirika au chama chenye nafsi kisheria, na boti iwe mali yake. Mwanachama hupoteza alichochangia, na kwa kawaida si zaidi. Lakini ganda la kampuni halimfuniki nahodha. Aliyekuwa kwenye usukani akamgonga mtu kwa uzembe wake anaweza kushtakiwa yeye binafsi hata kama boti ni ya kampuni, na ndiyo maana bima lazima imtaje.

Ushauri wetu ni huu: mkiwa wawili mpaka wanne na wote mnaendesha, umiliki wa pamoja wenye bima nzuri unatosha. Mkizidi hapo, au mkichukua wageni, sajilini kampuni au chama chenye nafsi kisheria. Na kama klabu ina kompresa (mashine ya kujazia mitungi hewa), mitungi na akiba benki, itengeni boti kwenye kampuni yake peke yake, klabu iitumie kwa mkataba wa maandishi. Dai litakalotokana na boti lisije likameza vifaa vyote. Mkifanya hivyo, klabu na kampuni hiyo zote mbili zitajwe kwenye bima.

Msitegemee sana sheria za ukomo wa dhima (wajibu wa kulipa fidia). Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1976 unamruhusu mwenye chombo kuwekewa kikomo cha fidia kwa kufuata ukubwa wa chombo, ila kikomo hicho huanguka ikithibitika kwamba alisababisha hasara kwa makusudi, au kwa kutojali huku akijua kwamba huenda ikatokea. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya safari za kupiga mbizi iitwayo Conception iliteketea karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, wakafa watu 34. Siku tatu baadaye wamiliki waliiomba mahakama, kwa sheria ya mwaka 1851, dhima yao isizidi thamani ya boti baada ya moto, yaani sifuri. Mwaka 2022 Marekani iliibadilisha sheria hiyo kwa boti ndogo za abiria. Nahodha alitiwa hatiani mwaka 2023. Kosa moja kubwa lilikuwa kutokuweka mlinzi wa kuzunguka usiku watu wakiwa wamelala.

Mkataba wa wenye hisa

Fedha zigawanywe kwenye mifuko mitatu isiyochanganywa. Mfuko wa kwanza ni wa gharama za kudumu: bima, maegesho, usajili, ukaguzi. Hizi hulipwa kwa hisa, boti itumike isitumike. Wa pili ni wa matumizi: mafuta, oili na usafishaji, kwa saa za injini. Wa tatu ndio huwa haupo: mfuko wa kununulia injini nyingine.

Mfuko huo wa tatu hupigiwa hesabu hivi. Tuseme mnatarajia injini idumu saa 1,500. Chukueni bei ya injini mpya ya leo, si mliyonunulia, mgawanye kwa 1,500. Hicho ndicho kila anayeitumia boti anakilipa kwa kila saa inayosomwa kwenye mita ya saa za injini. Mkitumia saa 150 kwa mwaka, mmekula sehemu moja ya kumi ya injini. Bei ipigwe upya kila mwaka. Klabu isiyofanya hivi huletewa mchango wa dharura injini inapokufa, wakati nusu ya waliozimaliza saa zile wameshaondoka.

Mafuta huleta ugomvi kuliko hasara yenyewe ilivyo. Mshale wa tanki husoma vibaya boti ikiwa imeinua omo (sehemu ya mbele), kwa hiyo msiandike "rudisha kiwango ulichokikuta". Andikeni kwamba tanki hujazwa kila safari inapoisha na stakabadhi hupigwa picha pamoja na mita ya saa.

Boti ikiharibika, nani analipa? Kampuni ya bima huacha sehemu ya kwanza ya hasara ilipwe na mwenye bima. Amueni mapema: uharibifu uliotokana na uzembe wa wazi, nahodha wa siku hiyo analipa sehemu hiyo na si zaidi; uchakavu, mfuko unalipa; isipojulikana, mfuko unalipa. Mkimbebesha nahodha hasara yote, mtapata manahodha wanaoficha. Rafadha iliyogusa mwamba huonekana na mkwaruzo mdogo tu, lakini kitovu chake cha mpira kinaweza kuwa kimeachia, na safari ijayo injini itanguruma boti isisogee, pengine kukiwa na watu sita juu ya maji na mkondo unawachukua.

Kutoka kwa mwanachama kuandikwe kikamilifu. Kifungu kinaweza kuwa hivi:

"Mwenye hisa anayetaka kutoka atatoa taarifa ya maandishi ya siku 90. Ndani ya siku 30 tangu taarifa hiyo, boti itathaminiwa na mkaguzi wa vyombo vya majini aliyekubaliwa na pande zote, kwa gharama ya anayetoka. Wenye hisa waliobaki watakuwa na siku 30 za kuinunua hisa kwa thamani hiyo kabla haijatangazwa kwa mtu wa nje, nao wanaweza kulipa kwa awamu zisizozidi 12 za kila mwezi. Mpaka jina lake litakapoondolewa kwenye daftari la usajili, waliobaki watamkinga dhidi ya dai lolote litokanalo na safari iliyofanywa baada ya siku aliyokabidhi funguo."

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Ahadi yenu ninyi kwa ninyi haimfungi majeruhi wa nje. Jina likiwa bado kwenye daftari, majeruhi anaweza kulishtaki. Kwa hiyo kinachoandikwa si kwamba hatadaiwa, bali kwamba mtamlipia. Hesabuni kuondoa jina kwenye daftari kuwa sehemu ya mauzo, na awamu ya mwisho isilipwe mpaka kila mmoja ameiona hati mpya.

Kifungu hicho kitumike pia kwa aliyefariki (warithi wanapata thamani, hawapati usukani) na kwa asiyelipa: akichelewa siku 60 hatumii boti, akifika miezi sita hisa yake inauzwa.

Kura: mambo ya kila siku kwa wingi wa kawaida; matumizi yanayozidi asilimia mliyokubaliana ya thamani ya boti kwa theluthi mbili; kuuza boti, kuingiza mmiliki mpya na kuchukua watu kwa malipo kwa robo tatu au zaidi. Mkiwa pande mbili zilizolingana na hampatani, dawa ya zamani bado inafaa: upande mmoja utaje bei ya hisa, upande wa pili uchague kununua au kuuza kwa bei hiyohiyo. Anayetaja hawezi kuonea, maana hajui ataangukia upande gani.

Bima: someni mahali wapiga mbizi wanapotajwa

Bima ya boti ina vipande viwili. Kimoja kinakinga chombo chenyewe. Kingine kinakinga dhima yenu kwa watu wengine. Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya kipande cha kwanza. Kinachoweza kuwafilisi ni cha pili.

Kwenye kipande cha chombo, ulizeni kama thamani ni iliyokubaliwa tangu mwanzo au ni ya soko siku ya hasara. Ya kwanza ni ghali kidogo na huondoa mabishano. Msipunguze thamani ili kupunguza ada: boti ya thamani ya 100 iliyokatiwa bima ya 60, ikipata hasara ya 20, mtalipwa 12, kwa sababu mnahesabiwa kuwa mlijikatia wenyewe ile sehemu iliyobaki. Angalieni masharti ya wizi wa injini (nyingi hudai kufuli maalumu), mipaka ya maji mnayoruhusiwa kufika, na kifungu cha mwendo. Masharti mengi ya vyombo vya burudani huweka kanuni za ziada kwa boti zinazoweza kuzidi maili 17 za baharini kwa saa, na boti ya mpira yenye injini kubwa hupita hapo bila taabu.

Kwenye kipande cha dhima, tafuteni maneno yanayotenga wapiga mbizi. Hati nyingi za kawaida huondoa kinga tangu mtu anapotoka botini kwenda majini mpaka anapopanda tena. Kwa boti ya matembezi hilo ni jambo dogo. Kwa boti yenu hiyo ndiyo kazi yenyewe: hatari iko pale mtu akiwa majini, rafadha ikiwa mita mbili kutoka kwake.

Kasoro ya pili imejificha zaidi. Kama wanachama wote ndio wenye bima, mwanachama akiumia si "mtu mwingine", kwa hiyo huenda asilipwe. Ombeni kifungu kinachomhesabu kila mwanachama kama mwenye bima yake mwenyewe, ili mmoja aweze kumdai mwenzake. Katika boti ya klabu wanaoumia karibu wote ni wanachama. Bila kifungu hiki mnalipia kinga ambayo haimgusi mtu yeyote aliyemo botini.

Tumeni maswali kwa maandishi, mkae na majibu kwa maandishi. Wakala anayesema kwa simu "hilo limo" hamtampata siku ya dai. Maswali yawe mafupi hivi:

1. Je, dhima ya wamiliki na nahodha kwa mpiga mbizi inakingwa akiwa majini, na wakati wa kupanda na kushuka?
2. Je, mwanachama anaweza kumdai mwanachama mwenzake au klabu?
3. Nani anaruhusiwa kuwa nahodha: waliotajwa majina, au yeyote mwenye cheti mnachokitambua? Cheti kipi?
4. Mgeni akichangia mafuta, je, safari inakuwa ya biashara?
5. Je, boti ikiwa juu ya trela barabarani, inakingwa na hati hii au na ya gari?

Swali la nne linastahili muda wenu. Kugawana gharama halisi kati ya waliomo kwa kawaida huhesabika kuwa burudani. Kumtoza mtu zaidi ya sehemu yake, au kutangaza viti kwa umma, hugeuza boti kuwa chombo cha abiria chenye leseni, ukaguzi na bima tofauti. Wekeni daftari la kila safari linaloonyesha gharama na mgawanyo. Siku ya dai, ukurasa huo ndio utakaoonyesha kwamba hamkuwa mkifanya biashara.

Ile fomu ya "ninakubali hatari zote" ijazwe, lakini mjue inafanya nini. Inathibitisha kwamba mtu aliambiwa hatari. Katika sheria nyingi haiwezi kufuta dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe. Uingereza, kwa mfano, iliwakataza wafanyabiashara kufanya hivyo tangu sheria ya mwaka 1977. Sahihi ya mzazi kwa niaba ya mtoto ni dhaifu zaidi. Andikeni fomu inayotaja hatari moja moja (rafadha, mkondo, kuachwa, ngazi kwenye mawimbi), maana inayosema "hatari zote" haimfundishi mtu chochote wala haimshawishi hakimu.

Uzito: namba ya kwenye kibao si namba yenu

Kibao cha mtengenezaji kinachosema "watu 12" kwa kawaida kimempa kila mtu kilo 75, jumla kilo 900. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojaa una kilo 17 hivi. Ongezeni vipande vya risasi vya mkanda wa uzito, jaketi la kuelea, regulata (kifaa cha kupumulia), suti na mapezi, na kila mpiga mbizi anabeba kama kilo 35. Sasa yeye ni kilo 110. Toeni nahodha mwenye kilo 75, zinabaki 825, nazo zinatosha wapiga mbizi saba. Mkienda kuingia mara mbili, kila mmoja na mtungi wa pili, mtu anafika kilo 127 na boti inachukua sita. Kibao pia huonyesha uzito wa juu wa mzigo wote. Fuateni ile inayotoa watu wachache.

Andikeni namba yenu kwa rangi karibu na usukani: "Mbizi moja: 7 + nahodha. Mbizi mbili: 6 + nahodha." Na mitungi ifungwe chini, katikati. Mitungi kumi na miwili ikibingirika upande mmoja kwa wakati mmoja ni kilo 200 zinazohama, tena huhama wakati boti imeshaanza kulala.

Yanayoulizwa baada ya ajali

Uzembe hupimwa kwa mambo madogo ambayo yalikuwa rahisi kufanya. La kwanza ni nani alikuwa na amri. Kila safari iwe na nahodha mmoja na mratibu mmoja wa mbizi, majina yao yaandikwe kabla ya kung'oa nanga, wasiwe mtu mmoja kama idadi inaruhusu. Mratibu anaamua nani anaingia, kina na muda. Nahodha ana neno la mwisho kuhusu boti, na anaweza kufuta safari bila kueleza sana. Nahodha haingii majini huku boti ikibaki haina mtu anayeweza kuiendesha.

Rafadha: injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini wa 800 kwa dakika na gia ya mbili kwa moja, rafadha yenye mapanga matatu hupiga mara 20 kwa sekunde. Hakuna "kumgusa kidogo". Mtu anapopanda, zimeni injini. Kuiweka nyutro hakutoshi, kwa sababu gia inaweza kuburuta na mkono unaweza kugusa leva. Mkondo ukilazimisha injini ibaki hai, mtu akae mbali mpaka nahodha amwite kwa sauti na kwa mkono. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye paja la nahodha, si kwenye usukani. Kila asubuhi washeni, ivuteni, injini izime; isipozima, safari imefutwa. Muwe na kamba ya pili botini, ili nahodha akianguka majini na ile ya kwanza, waliobaki waweze kuwasha na kumrudia.

Kuhesabu watu. Tarehe 25 Januari 1998, kwenye Great Barrier Reef huko Australia, boti iliondoka ikiwaacha wapiga mbizi wawili majini, mke na mume. Ilichukua siku mbili kugundua, baada ya kuonekana mabegi yao bado yapo. Hawakupatikana. Kuhesabu vichwa hukosea kwa sababu watu husogea, mmoja huhesabiwa mara mbili, mwingine huruka tena majini kuogelea. Tumieni orodha ya majina yenye safu nne: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Kila mtu atie sahihi yake mwenyewe akiwa amepanda. "Yupo, nimemwona" haikubaliki. Nahodha haiwashi injini kuondoka mpaka ameishika orodha mkononi na kuita kila jina, akaitikiwa na mwenye jina. Karatasi isiyoingia maji na penseli hufanya kazi hii vizuri kuliko simu.

Bendera ya A, ile inayotangaza kwamba kuna mpiga mbizi majini, nyeupe upande wa mlingoti na buluu upande wa nje, ipandishwe watu wakiwa majini, ishushwe wakishapanda. Kwa boti ndogo isiyoweza kuweka taa na alama zote, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinadai iwe ngumu, ya kimo kisichopungua mita moja, ionekane pande zote. Kitambaa kilicholala kwa kukosa upepo hakitimizi hilo. Bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari inajulikana sana Amerika Kaskazini, nayo haichukui nafasi ya A.

Oksijeni huhesabiwa kwa safari, si kwa kuwa "ipo". Majeruhi anahitaji lita 15 kwa dakika. Mtungi wa lita 2 wenye baa 200 (kipimo cha mgandamizo) una lita 400: dakika 26. Kama mahali mnapokwenda ni saa moja kutoka pwani, mnahitaji angalau lita 900 kwa mtu mmoja, na wapiga mbizi huumia wawili wawili kwa kuwa walikuwa pamoja kwenye kina kimoja. Mtungi wa lita 10 unampa mmoja saa mbili na zaidi. Redio ya VHF ijaribiwe kabla ya kuondoka. Chaneli 16 ndiyo ya dhiki, na maneno ya kuitia msaada yabandikwe kando yake, mtu mwenye hofu asome tu.

Daftari la matengenezo

Mdai atatafuta kuonyesha kwamba boti haikufaa kwenda baharini. Mnamjibu kwa daftari: tarehe, saa za mita, kilichofanyika, nani alifanya, stakabadhi. Oili ya injini na ya gia kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Impela (gurudumu linalosukuma maji) ya pampu ya maji kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha injini. Anodi (vipande vya metali vinavyoliwa badala ya injini) zibadilishwe zikifika nusu. Maji baridi yapitishwe kwenye injini kila baada ya safari ya baharini.

Oili ya gia inastahili macho yenu. Boti ikiwa imesimama usiku kucha, fungueni kwanza skrubu ya chini, acheni matone machache yadondoke kwenye kikopo cheupe, kisha fungueni ya juu ili hewa iingie. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo hutangulia. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maana sili (pete ya kuzuia uvujaji) ya shafti inavuja, na mara nyingi sababu ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya rafadha ukaikata. Vueni rafadha muuone. Jazeni kutoka chini mpaka oili itokeze juu, fungeni ya juu kwanza, ndipo ya chini, mkitumia washa (vipete vya skrubu) mpya. Andikeni rangi mliyoiona hata kama ilikuwa nzuri. "Oili safi, hakuna maji, saa 312" ni ushahidi. Ukurasa mtupu haujibu swali lolote.

Saa 24 za kwanza baada ya ajali

Aliyeumia kwanza, redio kwanza. Akishakabidhiwa kwa wahudumu wa afya, mtu mmoja aliyechaguliwa anaanza kazi hizi, na wengine wanamwachia.

Vifaa vya majeruhi visifumuliwe, visioshwe wala visitolewe hewa. Fungeni valvu ya mtungi mkihesabu mizunguko, muandike: "valvu ilifungwa kwa mizunguko miwili na nusu, geji ilisoma baa 70." Valvu iliyokuwa imefunguliwa robo tu ni habari, na ikifungwa bila kuhesabiwa haipatikani tena. Kompyuta ya mbizi isibonyezwe. Vyote viwekwe pamoja, vifungiwe, na orodha ya nani alivishika. Pigeni picha leva ya gia, kamba ya kuzimia, bendera, ngazi na rafadha kabla boti haijasogezwa, na hifadhini njia iliyorekodiwa kwenye GPS.

Kila aliyekuwepo aandike alichoona siku hiyohiyo, peke yake, bila kujadiliana: saa, mahali alipokuwa, alichokiona kwa macho. Asiandike sababu wala nani ana makosa. Majeruhi na familia yake wapewe pole kwa moyo wote na wasaidiwe usafiri, simu na mahitaji. Kufanya hivyo si kukiri kosa. Kinachokatazwa na hati nyingi za bima ni kuahidi malipo au kukubali dhima bila idhini ya kampuni.

Mamlaka ya bahari na kampuni ya bima zijulishwe ndani ya muda uliotajwa kwenye sheria na kwenye hati, kwa maandishi, hata kama majeruhi anasema hana neno. Anaweza kubadili nia wiki sita baadaye akiambiwa mguu hautarudi ulivyokuwa, na taarifa iliyochelewa inaweza kuwapokonya kinga mliyoilipia miaka yote. Boti haitumiki tena mpaka mkaguzi ameiona na kuruhusu kwa maandishi, na nakala ya ruhusa hiyo inaingia kwenye daftari pamoja na orodha ya majina ya siku ile.